Bei ya Mwananchi Ipo: Tupange Likizo na Watoto Wetu

Hotuba hii niliitoa kwenye mkutano wa wanachama wa saccos yetu hapa Dar es Salaam. Wengi wenu mlikuwa kazini au safarini, mkaomba niiweke yote. Picha zilizoonyeshwa ukutani nimeziacha. Maneno ni yale yale.

Ndugu Mwenyekiti, wajumbe wa bodi, wazee wetu mliokaa mbele, akina mama, akina baba, na nyinyi vijana mliosimama pale mlangoni: asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Na kwa wote, habari za asubuhi.

Mwenyekiti amenipa mada ya likizo ya familia, akaniomba nisiongee kama muuza safari. Mwenyekiti, nakuahidi sitauza kitu. Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa udereva wa watalii. Nimewabeba watoto wa Kijerumani, wa Kimarekani, wa Kihindi, wakawaona tembo wakivuka barabara na ndama wao katikati. Nimewaona watoto hao wakishika mdomo wasipumue. Halafu narudi mtaani kwangu Temeke, nakuta watoto wetu wanamjua tembo kwa noti ya elfu kumi. Faru wanamjua kwa noti ya elfu tano. Simba wanamjua kwa noti ya elfu mbili. Jambo hilo linaniuma, na ndilo lililonisimamisha hapa.

Niwaulize. Ni wangapi humu ndani mmewahi kuingia hifadhi yoyote ya taifa pamoja na watoto wenu? Nyoosheni mikono, msione haya. Naona michache. Asanteni. Sasa ni wangapi mmechangia harusi mwaka huu? Haya, mikono yote juu. Harusi tuendelee kuchangia, ni desturi yetu na ina baraka zake. Lakini mmejionyesha wenyewe kwamba tukiwa na tarehe, kamati na daftari la michango, pesa hupatikana. Kwa nini basi safari ya watoto wetu haina tarehe, haina kamati, haina daftari?

Nitasema mambo machache tu. La kwanza ni siku zenyewe za kupumzika.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya mwaka ya siku 28 mfululizo, yenye malipo, zikihesabiwa pamoja na sikukuu zinazoangukia humo ndani. Siku 28! Mtumishi wa umma naye hulipiwa nauli ya likizo kila baada ya miaka miwili, yeye na familia yake kwa idadi iliyowekwa. Sasa sisi tunazifanyia nini siku hizo? Ninamfahamu baba mmoja, mtunza stoo wa kiwanda. Kila mwaka likizo yake aliiomba Februari, kwa sababu Februari haina ugomvi, kila mtu kazini anaikubali. Lakini Februari watoto wako darasani! Alikaa nyumbani peke yake akipaka rangi ukuta na kutengeneza bomba. Binti yake wa kwanza alipomaliza kidato cha nne, ndipo mama alipomwambia, "Baba Neema, huyu mtoto hujawahi kukaa naye mchana mzima, ukiondoa siku za misiba." Mwaka uliofuata aliandika barua ya kuomba Juni, akaiandika mapema, Januari, kabla wenzake hawajaiwahi. Akapewa. Jamani, barua ya likizo haigharimu hata senti. Iandikeni Januari.

La pili, na hapa nitakaa kidogo, ni tarehe.

Watu wengi wakitaka kusafiri huanza na swali la wapi. Twende Zanzibar? Twende Arusha? Mimi nawaambia anzeni na lini. Anza na tarehe. Tarehe ndiyo inayopandisha na kushusha bei ya kila kitu kinachofuata: nauli, chumba, hata samaki.

Chukueni Desemba. Sisi sote tunaijua Desemba ya Dar es Salaam. Wachaga wanapanda Moshi, Wahaya wanakwenda Bukoba, Wanyakyusa wanakwenda Tukuyu, na kila mtu anataka kuondoka kati ya tarehe 20 na 24. Mabasi ni yale yale, watu ni mara tatu. LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, wanapanga nauli, hilo ni kweli, lakini siti zikishaisha mtu anaangukia mikononi mwa wapiga debe. Kuna familia moja ya jirani zangu, baba, mama na watoto wanne. Walifika stendi saa kumi alfajiri bila tiketi, wakiamini watapata tu. Mpaka saa tano asubuhi watoto walikuwa wamelala juu ya mabegi, mdogo amejisaidia nguo, mama anahangaika na maji ya kumsafisha. Tiketi walizipata hatimaye kwa bei ya kulangua, siti tatu mbele na tatu nyuma kabisa. Pesa waliyokuwa wameitenga kwa ajili ya kumchinjia babu mbuzi ikaishia pale pale stendi. Walifika Moshi wakiwa na hasira na wakiwa hawana kitu.

Je, ilikuwa lazima? Kama ni kwenda nyumbani Krismasi, sawa, mila ni mila, na mimi simzuii mtu kwenda kuwaona wazazi. Basi nunua tiketi Novemba. Au uliza treni ya zamani ya kwenda Moshi, ile iliyorudi mwishoni mwa mwaka 2019 baada ya kusimama miaka mingi, na mwaka 2020 ikafika hadi Arusha. Lakini safari ya mapumziko, safari ya kuwaonyesha watoto nchi yao, usiipange Desemba. Ipangie Juni.

Kwa nini Juni? Shule zinafungwa mwanzoni mwa Juni. Masika yameisha mwezi wa Mei. Barabara za ndani ya hifadhi zinaanza kukauka, nyasi zinaanza kupungua, wanyama wanasogelea maji na wanaonekana. Watalii wa Ulaya kwa wingi wanaanza kuingia Julai, shule zao zikifungwa. Mnaona hapo? Zipo wiki chache ambazo watoto wetu wako huru, mvua imekwisha, na wageni hawajajaa. Hizo ndizo wiki zetu. Sisi madereva tunazijua, wenye hoteli wanazijua. Leo na nyinyi mmezijua.

Na mwenye kutaka bahari kwa bei ya chini kabisa, atazame Aprili na Mei. Hoteli nyingi za Zanzibar hushusha bei kipindi cha masika, nyingine hufunga kabisa. Utanyeshewa, nakwambia kweli. Lakini mtoto anayeogelea ameshalowa tayari, mvua haimpi shida.

Nije la tatu: bei ya mwananchi.

Ndugu zangu, sikilizeni vizuri. Katika hifadhi zetu kuna bei ya mgeni na kuna bei ya mwananchi wa Afrika Mashariki. Nichukue mfano wa Mikumi, kwa sababu Mikumi iko karibu nasi. Ni hifadhi ya tangu mwaka 1964, kilomita za mraba zaidi ya 3,000, na barabara kuu ya Iringa inapita katikati yake kwa kilomita kama 50. Mtalii kutoka Ulaya anapoingia Mikumi analipa dola 30. Wewe unalipa shilingi 5,000. Mwanao wa miaka 5 hadi 15 analipa 2,000. Wa chini ya miaka 5 haulizwi kitu. Juu yake inaongezeka kodi ya VAT, basi. Elfu mbili! Noti ile ile yenye picha ya simba ndiyo inayomwingiza mwanao kwenda kumtafuta simba mwenyewe. Mlikuwa mnajua?

Nasikia mtu anasema pale kwamba alidhani ni laki. Wengi mnadhani ni laki, kwa sababu bei mnayoiona mtandaoni ni ya dola, imeandikwa kwa ajili ya wageni. Kwa hiyo nawaombeni mrudie na mimi: uliza bei ya mwananchi. Kwenye geti la hifadhi, uliza bei ya mwananchi. Kwenye boti ya kwenda Zanzibar, uliza bei ya mwananchi. Kwenye makumbusho, uliza bei ya mwananchi. Hata hotelini, hata ile hoteli inayokutisha kwa uzuri wa geti lake, uliza bei ya mwananchi. Nyingi zinayo, ila haiandikwi ukutani.

Lakini beba kitambulisho. Mama mmoja wa kundi letu alileta shemeji yake kutoka Mombasa. Getini wakasita, mgeni huyu ni wa wapi? Shemeji akatoa kitambulisho chake cha Kenya, akaingia kwa bei ile ile tuliyoingia nayo sisi, maana bei hiyo ni ya wananchi wa Jumuiya yote, Mkenya, Mganda, Mrundi, Mnyarwanda. Aliyepata tabu siku hiyo alikuwa Mtanzania wetu aliyeacha kitambulisho cha NIDA nyumbani, akabaki anahangaika kutafuta picha yake kwenye simu. Na jueni pia kwamba getini hawapokei pesa taslimu. Utapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu au kwa kadi. Hakikisha simu ina salio kabla hujaondoka Morogoro.

Sasa tupige hesabu pamoja. Baba, mama, watoto watatu: mmoja wa miaka 10, mmoja wa miaka 7, mdogo wa miaka 3. Treni ya umeme ilipoanza kwenda Morogoro mwezi wa Juni mwaka 2024, nauli iliyotangazwa kwa treni ya kawaida ni 13,000 kwa mtu mzima. Mtoto wa miaka 4 hadi 12 ni nusu, 6,500. Chini ya miaka 4 ni bure. Kwa hiyo wazazi wawili ni 26,000, watoto wawili ni 13,000, mdogo hana nauli. Jumla 39,000. Kwenda na kurudi, 78,000. Kiingilio Mikumi: wazazi 10,000, watoto 4,000, mdogo bure. Ongeza VAT ya asilimia 18, inakuwa 16,520. Jumlisha yote: 94,520. Mtu na mkewe na watoto watatu, kutoka Dar mpaka ndani ya hifadhi ya taifa, nauli ya treni na kiingilio vyote havijafika laki moja. Nani alitwambia kwamba hifadhi ni ya wazungu?

Haya, sitawaficha kilichobaki. Kituo cha treni Morogoro kiko nje ya mji, upande wa Kihonda, na kutoka pale bado kuna mwendo mpaka Mikumi. Na hifadhini huingii kwa miguu, unahitaji gari, na gari nalo linatozwa ushuru kwa uzito wake. Hapo ndipo familia moja huumia na familia tano zinapona. Familia tano zikikodi Coaster moja, kila moja inalipa sehemu ya tano ya gari, ya mafuta na ya ushuru. Kiangazi barabara kuu za ndani ya Mikumi, zile za kuzunguka uwanda wa Mkata, Coaster inapita bila shida. Watoto ishirini kwenye gari moja, kila mmoja dirishani, "twiga! twiga!" Mimi nimeendesha magari ya kifahari ya watalii wawili wawili, lakini furaha ya Coaster la watoto ishirini wa Kitanzania sijaiona kwingine.

La nne ni malazi, na malazi yanakwenda na chakula. Nasema kwa kurudia: malazi yanakwenda na chakula. Mtu akikuuliza chumba bei gani, bado hajakuuliza gharama. Watu watano mara milo mitatu ni sahani kumi na tano kwa siku. Kwa siku tatu ni sahani arobaini na tano. Chumba cha bei rahisi kwenye hoteli ambayo sahani ya wali na kuku inauzwa bei ya mtalii kinakumaliza kuliko chumba cha bei ya juu chenye kifungua kinywa na chakula cha usiku ndani yake. Kwa hiyo kabla hujalipa, muulize mwenye hoteli haya: bei ni ya chumba au ya kichwa? Kifungua kinywa kimo? Mtoto analala bure na wazazi mpaka umri gani? Godoro la ziada ni kiasi gani? Naruhusiwa kuingia na chakula changu? Je, kuna jiko?

Hilo la jiko ndilo kubwa. Niwape habari ya mama mmoja, mwanachama mwenzetu, yuko humu ndani na amenipa ruhusa. Yeye na dada yake waliwapeleka watoto wao Bagamoyo. Hawakuchukua hoteli ya ufukweni. Walipanga nyumba nzima ya vyumba vitatu, ina jiko na friji, wakagawana kodi. Kutoka nyumbani walibeba mchele, unga, mafuta, chumvi na viungo. Kila mchana walikwenda na watoto kwenye soko la samaki pale pwani, ngalawa na mashua zikirudi. Watoto wakaona mnada. Wakaona mtu anayenadi anavyopaza sauti, wanunuzi wanavyoinua kidole tu, kibua wamepangwa kwenye mchanga kwa mafungu, pweza anapigwa mpaka alainike. Mtoto wa miaka 8 akapewa pesa akanunue fungu la familia, akarudi nalo kwenye kikapu huku mkono umejaa magamba, amejawa na fahari. Wakapika, wakala, wakalala. Siku ya pili wakaenda Kaole, kwenye magofu ya misikiti na makaburi ya mamia ya miaka, mwongozaji akawasimulia. Jioni wakakaa kwenye Misheni ya zamani, ile iliyoanzishwa mwaka 1868, mahali mwili wa Livingstone ulipopumzishwa mwaka 1874 kabla ya kupelekwa Uingereza. Watoto wale wamesoma vita, biashara ya watumwa na wamisionari darasani. Safari hii waligusa mawe yenyewe.

Mama yule aliniambia sentensi moja ambayo sijaisahau. "Nilipika kama nyumbani, lakini hakuna aliyeniharakisha." Akina mama, mnaelewa. Akina baba, mjue kwamba kama mnapanga nyumba yenye jiko, zamu ya jiko igawanywe, la sivyo mama hajaenda likizo, amehamishwa kituo cha kazi.

Kuna malazi mengine ambayo watu wanayasahau. Hosteli za makanisa na za masista, zipo Morogoro, Bagamoyo, Lushoto, Iringa, ni safi, zina utulivu, geti linafungwa usiku, na wala hawakuulizi dini yako. Lushoto hasa nawashauri sana wenye watoto wadogo: baridi nzuri, matunda bei ya shambani, kutembea msituni, na pale Irente mtoto anasimama anaiona nyika yote ya Mazinde chini yake. Kuna pia mabanda na hosteli za hifadhi zenyewe. Hosteli za hifadhini ni za vitanda vingi, zinafaa kundi. Piga simu mapema, kwa sababu shule nazo zinazitaka.

Hapa niseme neno la tahadhari. Kuna watu wanaweka picha za nyumba nzuri za Nungwi au Paje kwenye mitandao, wanaomba ulipe yote kwa simu, ukifika nyumba haipo au ina mwenyewe mwingine. Familia ninayoijua ililala bandarini kwa ajili hiyo, na watoto. Kabla hujatuma pesa, mwombe akupigie simu ya video akiwa ndani ya nyumba, atoke nje akuonyeshe geti na barabara. Jina linalotokea unapotuma pesa lilingane na jina la biashara. Lipa sehemu, nyingine ulipe ukifika. Akikataa hayo, hata awe na picha nzuri kiasi gani, achana naye.

La tano, viwanja vya michezo ya watoto. Najua ndilo swali la watoto wenyewe! Kule Kunduchi kuna mabwawa na mitelezo ya maji, Kigamboni kuna bembea kubwa na michezo ya kila aina. Watoto wanayaona kwenye matangazo na hawatuachi tulale. Ni mahali pazuri, wapelekeni. Lakini msiwapeleke siku ya Idi mosi wala Boxing Day. Siku hizo mtoto anasimama foleni muda mwingi kuliko anaocheza, na wewe umelipa kiingilio kamili. Nendeni siku ya kazi wakati wa likizo ya Juni. Ulizeni kama bei ya katikati ya wiki ni tofauti, ulizeni kama mtoto anapimwa kwa umri au kwa urefu, ulizeni kama mzazi anayekaa tu pembeni bila kuingia majini analipa kamili. Na ulizeni bei ya kundi.

Wazazi wa darasa moja la shule ya msingi hapa mtaani walifanya hivi. Kwanza kila mzazi alikuwa anapiga simu kivyake, anatajiwa bei ya kawaida. Mama mmoja akakusanya majina, akapata watoto zaidi ya thelathini, akaandika barua kwa meneja wa kiwanja: tuko wangapi, wa umri gani, tunakuja Jumatano gani, tunataka na chakula cha mchana. Barua hiyo ilijibiwa kwa bei ya shule, walimu na wasimamizi waliingia bure, na chipsi na juisi zikawekwa ndani ya bei. Mwenye biashara anapenda kujua Jumatano yake ina watu. Sisi humu ndani ni zaidi ya kundi la darasa moja. Kwa nini tunaingia mmoja mmoja?

Na msidharau vya karibu. Makumbusho ya Taifa pale mjini inasimulia habari ya fuvu la Zinjanthropus, lililopatikana Olduvai mwaka 1959, na mtoto anayeingia pale anatoka akijua kwamba wanasayansi wa dunia nzima wamekuja kutafuta mababu wa binadamu kwetu. Kijiji cha Makumbusho, barabara ya Bagamoyo, kina nyumba za makabila mbalimbali zilizojengwa kama zilivyokuwa: ingia nyumba ya Kihaya ya msonge, ingia tembe ya Kigogo, mwulize mwanao bibi yake alizaliwa kwenye ipi. Kiingilio cha mwananchi ni kidogo sana. Daladala inakushusha mlangoni. Kama mwaka huu pesa ni ngumu, na najua kwa baadhi yetu ni ngumu kweli, chukua siku nne za likizo, kila siku mahali pamoja hapa hapa mjini, jioni moja Coco Beach kwenye mihogo na mishikaki. Zima simu. Hiyo nayo ni likizo kamili.

Mwisho ni pesa zenyewe, na kwa hili sitachukua muda, maana nyinyi ni watu wa saccos, mnanishinda. Kutoka leo mpaka Juni kuna wiki kama arobaini. Familia inayohitaji laki sita kwa safari yote inahitaji kuweka 15,000 kwa wiki. Iwekwe mbali na pesa ya ada, mbali na pesa ya chakula, na isikopwe. Nasema tena, isikopwe! Nimewaona watu wakikopa ili waende Zanzibar, halafu Januari ada inawakuta na rejesho. Mkopo wa likizo hauna baraka. Kundi linaweza kufungua M-Koba, akiba ya kikundi kwenye simu, kila mmoja anaona kilichoingia na kilichotoka, hakuna mtu anayeshika pesa za wenzake mfukoni. Na waambieni watoto mnaweka kwa ajili ya nini. Mtoto anayejua kuna Mikumi mwezi wa sita mwenyewe atakukumbusha usinunue soda.

Ndugu Mwenyekiti, nimeshaongea na bodi, na wamekubali tufungue kundi la safari ya Juni. Tunafikiria Mikumi siku mbili, usiku mmoja hosteli, kwa treni mpaka Morogoro kisha Coaster. Watakaopenda waongeze siku moja kwenda Udzungwa kwenye maporomoko ya Sanje, lakini hiyo ni kwa watoto wanaoweza kupanda mlima kwa miguu yao, wadogo wabaki na mmoja wa wazazi.

Katibu ana daftari pale mezani. Kabla hamjaondoka, andikeni jina, idadi ya watu wazima, na umri wa kila mtoto, mwandike umri kamili maana nauli inategemea huo. Wenye watoto wanaougua pumu au kifafa waandike pembeni, tutajua tukae karibu na hospitali gani. Michango inaanza mwisho wa mwezi huu. Na wenye waajiri wagumu, njooni kwangu baada ya kikao, nina mfano wa barua ya kuomba likizo, tutaiandika pamoja hapa hapa.

Asanteni sana kwa kunisikiliza.